Mkasi Kabla ya Penseli

Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mjini Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliuingiza ukataji wa karatasi katika kazi zao, na alikuwa na sababu nzuri. Kukata kunadai mikono miwili ifanye mambo tofauti kwa wakati mmoja: mmoja unafungua na kufunga mkasi, kidole gumba kikiwa juu, mwingine unageuza karatasi. Vidole vinavyopata nguvu hapo ndivyo vitakavyoshika penseli. Lakini ustadi huu haupatikani kwa siku moja. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hukatakata kingo tu. Anahitaji kurudia, na majira humpa hamu ya kurudia: matone wakati wa masika, hilali na nyota Idi ikikaribia, minyororo ya karatasi za rangi kwa Krismasi.

Wapo wanaohofia majeraha. Hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ni mkasi mdogo wenye ncha butu na mtu mzima aliyeketi karibu, si kuuficha kabatini. Na gharama? Kalenda ya mwaka jana inatosha. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto mtafutieni mkasi wa kushoto, maana ule wa kawaida mara nyingi humkunjia karatasi badala ya kuikata.