Ramani ya Kale Haiamui Mpaka wa Kiwanja

Ramani ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, iliyochorwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, inauita mto Kilombero kwa jina la Ulanga. Skeli yake ni 1:300,000. Milimita moja kwenye karatasi ni meta 300 za ardhi. Kwa hiyo haiwezi kuamua mgogoro wa mpaka wa shamba wala kiwanja. Faida yake ni kukumbusha kuwa bonde hili ni njia ya maji, hata panapokauka kiangazi. Kabla ya kununua kiwanja Ifakara, mwananchi awaulize wazee maji ya Lumemo hufika wapi wakati wa masika, kisha amwone mpima ardhi wa Halmashauri.