Morris Minor na Alteneta

Gari la Morris Minor, alilolibuni Alec Issigonis na ambalo kiwanda cha Cowley, Oxford, kilianza kuliunda mwaka 1948, lilidumu sokoni hata 1971, na aghalabu umeme wake ulitokana na dainamo, chombo kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda ule ule wa feni. Ni chombo cha kuaminika. Lakini gari linaposimama na injini ikanguruma pole pole, umeme wake huwa haba mno, hata usiku wa mvua, taa na waipa vikifanya kazi pamoja, betri ndiyo inayoliwa. Dainamo ya Lucas C40 upeo wake ni ampea 22, ilhali alteneta ya Lucas 16ACR hufikia 34, tena huanza kuchaji mapema.

Sababu ni kuwa katika dainamo umeme wote hauna budi kupita katika brashi za kaboni, amma katika alteneta umeme mkubwa hutoka katika nyaya zisizozunguka, na brashi hupitisha ule mdogo tu wa kuamsha sumaku. Wako washikilia asili waonao haramu kuligusa gari la zamani, nami siwalaumu maadamu lao hutoka Jumapili asubuhi tu; mwenye kusafiri usiku, namshauri abadilishe dainamo kwa alteneta.

Kulegeza boliti si kazi. Kinachounguza alteneta mpya siku ile ile ya kufungwa ni mwelekeo wa umeme, kwani katika gari hili upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na alteneta nyingi zitakazopatikana dukani zataka upande hasi. Basi betri sharti igeuzwe, na hapo fundi hugundua kuwa vichwa vya nyaya havikubali kubadilishana, kwa kuwa nguzo chanya ya betri ni nene kidogo kuliko hasi. Asivigonge kwa nyundo, bali anunue vingine. Nyaya mbili ndogo za koili nazo zibadilishane mahali, na redio ya zamani, kama ipo, itolewe kabla betri haijaunganishwa, la sivyo itaungua.

Kidhibiti cha volti cha zamani hakina kazi tena, kwani alteneta ina chake tumboni. Waya wa kupeleka umeme kwenye betri uwe mnene wa kutosha ampea zilizoongezeka. Taa ndogo nyekundu ya dashibodi isidharauliwe, maana umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta, na globu ikiungua huenda chombo kizima kisichaji. Puli zilingane mstari mmoja, na mkanda ukibonyezwa kwa kidole katikati ya urefu wake ushuke kiasi cha nusu inchi.

Injini ikiwaka, mita iliyowekwa kwenye betri yapasa kuonyesha takriban volti 14. Zamani za dainamo mafundi wengi walipima kwa kung'oa waya wa betri injini ikizunguka, wakaona kama gari litazima. Kwenye alteneta jaribio hilo hurusha volti ghafula na kuziua daiodi zilizo ndani, na mwenye gari hurudi dukani.