Mbuzi Kwenye Gunia: Kwa Nini Mnada wa Gemu za Zamani Mtandaoni Huacha Manung'uniko

Ukitoka Gongo la Mboto kwenda Kisarawe unapita Pugu, penye mnada wa ng'ombe. Mnunuzi anayeijua kazi yake hataji bei kabla ya kumkagua mnyama. Humzunguka, humtazama meno, huangalia kwato, humswaga hatua chache aone kama anachechemea. Dau linapoanza kupanda, kila anayeongeza anamwona ng'ombe yuleyule, mchana kweupe.

Sasa shika simu. Kwenye kundi la WhatsApp, mtu wa Maili Moja, Kibaha, ameweka picha ya PS2 nyeusi na maneno machache: ipo vizuri, inaanzia 60,000, mnada unafungwa saa nne usiku. Mtu wa Kisarawe anataja 70,000. Mwingine anaweka 75,000. Ikigonga saa nne, mashine imefika 120,000, na kati ya wote waliotaja bei hakuna aliyeiona ikiwaka. Waswahili tuna jina la biashara ya namna hii: kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Baada ya mauzo hayo huja manung'uniko. Mnunuzi husema ametapeliwa, muuzaji husema amesumbuliwa bure. Matapeli wapo, nami nitawagusa. Lakini ugomvi mwingi wa gemu za zamani huzuka kati ya watu wawili waaminifu, kwa sababu bei imekubaliwa kabla ya kitu kujulikana. Hilo ni kosa la utaratibu, na utaratibu unaweza kurekebishwa.

Mashine zenye umri wake

Tuanze na bidhaa yenyewe. Gemu za kaseti zilizoingia majumbani mwetu, zile za kuunganisha kwenye TV ya chogo, nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliianza Japani mwaka 1983. PlayStation ya kwanza ilitoka Desemba 1994, na PS2 ikafuata Machi 2000. PS2 iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na ndiyo iliyojaza vibanda vya gemu mitaani, ambako watoto walilipia dakika chache za Winning Eleven au GTA San Andreas. Watoto hao leo ni watu wazima wenye kipato, na wengi wanataka kuirudisha mashine ile sebuleni kwao.

Sony walisimamisha utengenezaji wa PS2 mapema mwaka 2013. Maana yake, PS2 yoyote unayoiona ikinadiwa leo imepita miaka kumi, na nyingine zimekwishapita ishirini. Jicho la laser linalosoma CD limechoka. Mipira ya ndani ya padi imelegea. Memori kadi ya megabaiti 8 huenda haihifadhi tena. Kaseti za zamani zinazotunza mchezo kwa betri ndogo ya ndani nazo hupoteza kila kitu betri ikifa, ingawa kaseti yenyewe huwaka bila shida. Picha ya simu haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Kuna pia kasoro ambazo si ubovu. Nyuma ya kila PS2 ipo lebo yenye namba ya modeli inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho hueleza soko lililokusudiwa: 0 ni Japani, 1 ni Amerika ya Kaskazini, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. PS2 nene ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Muuzaji anayeitumia na transfoma kila siku anaweza kusahau kuitaja. Mnunuzi akifika Kisarawe na kuichomeka ukutani moja kwa moja, inaungua. Mmoja ataapa kwamba aliuza mashine nzima, mwingine ataapa kwamba alinunua mbovu, na kila mmoja atakuwa anasema alichokiona.

Mfano mwingine ni bunduki ya kupigia bata, ya mchezo wa Duck Hunt wa mwaka 1984. Bunduki ile hutegemea namna TV ya chogo inavyochora picha kwa mwanga, kwa wakati maalumu. Kwenye TV bapa picha huchelewa kidogo na mwanga hauji kwa mpangilio ule, hivyo bunduki haipigi kitu. Muuzaji mwenye TV ya chogo aliijaribu ikafanya kazi. Mnunuzi mwenye TV bapa anaijaribu na bata haanguki. Bunduki ni ileile.

Anayeshinda ndiye aliyekadiria juu zaidi

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta nchini Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walijiuliza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu katika Ghuba ya Mexico zilivuna kidogo kuliko matarajio yao. Jibu lao ndilo wachumi wanaloliita laana ya mshindi. Pale ambapo hakuna anayeijua thamani halisi ya kitu, kila mtu hukisia. Wapo wanaokisia chini na wapo wanaokisia juu. Mnada humchagua aliyekisia juu kuliko wote, yaani aliyejipa matumaini makubwa mno.

Tuiweke hesabu hiyo kwenye PS2 kama ile ya Maili Moja. Chukua watu watano wanaoikadiria kuwa na thamani ya 80,000, 95,000, 110,000, 130,000 na 180,000. Wastani wao ni 119,000. Wakishindana kwa kupandisha dau, yule wa mwisho ataichukua kwa bei inayozidi kidogo 130,000, mara mwenzake wa pili anapokata tamaa. Kama wastani wa makisio ndio ulio karibu na ukweli, mshindi amelipa zaidi ya thamani ya kitu bila kudanganywa na mtu yeyote. Taarifa zinapokuwa chache, makisio hutawanyika zaidi, na laana huongezeka. Kule Pugu makisio ya wanunuzi hukaribiana kwa sababu ng'ombe yupo mbele yao.

Dawa ya upande wa mnunuzi iliwahi kuchambuliwa na William Vickrey mwaka 1961, kazi iliyochangia apewe Nobel ya uchumi mwaka 1996. Alionyesha kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa dau la mtu wa pili, njia bora ni kutaja mara moja thamani ya kweli ya kitu kwako, basi. Zabuni za kujiendesha za eBay, mnada ulioanzishwa Marekani mwaka 1995, hukaribia mpango huo: unaweka ukomo wako, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo. Kwenye makundi yetu hakuna mfumo wa namna hiyo, ila nidhamu yake inawezekana. Andika ukomo wako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, na ukifika hapo weka simu chini.

Saa nne ya nani?

Malalamiko mengine hutokana na muda wa kufunga. Wengi husubiri dakika ya mwisho ili wasiamshe washindani. Sasa mtu ametuma dau saa nne kasoro dakika moja, mtandao ukasuasua, ujumbe ukawafikia wenzake saa nne na dakika mbili. Kwenye simu yake amewahi, kwenye simu ya msimamizi amechelewa. Hapo ndipo matusi huanzia.

Mnada wa ana kwa ana ulilitatua jambo hili zamani. Dalali haangalii mshale wa saa. Anauliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na akigonga nyundo imekwisha. Kanuni hiyo imo pia katika sheria zetu: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua mauzo ya mnada kuwa yamekamilika pale nyundo inapogonga, na kabla ya hapo mtoa dau anaweza kuliondoa. Sheria hiyo pia haimruhusu muuzaji kujipandishia bei mwenyewe, au kumtuma mtu ampandishie, kama hakutangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo. Kwa hiyo rafiki anayeingia kundini kusukuma dau ili mgeni apande zaidi si mchangamshaji wa mnada. Anashiriki udanganyifu.

Msimamizi wa kundi anaweza kuileta nyundo kwenye simu kwa kanuni moja: dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda unasogea dakika tano nyingine, hadi kimya kipite. Hakuna atakayefaidika kwa kuvizia, wala atakayeonewa na mtandao.

Kilio cha muuzaji

Muuzaji naye anaumia. Mshindi hutoweka bila kupokea simu. Mwingine hufika na kuanza kuomba apunguziwe, wakati kumi walioshindwa wamekwishanunua kwingine. Mwingine hutuma ujumbe wa malipo aliouandika mwenyewe ufanane na wa kampuni ya simu. Muuzaji asitoe mzigo kwa kusoma ujumbe, aangalie salio. Naye mnunuzi akipokea ule ujumbe wa kawaida unaosema ile pesa tuma kwenye namba hii, asitume kitu, na namba hiyo airipoti kupitia 15040.

Yapo maumivu mengine ya muuzaji yasiyoonekana haraka. George Akerlof aliyaeleza mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa waliopewa Nobel ya uchumi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha kizima na kibovu, hutoa bei ya katikati kwa vyote. Mwenye kizima huona bei hiyo ni ya kumdhulumu, akakiondoa sokoni. Mwenye kibovu huifurahia, akakileta. Siku zinavyopita sokoni hubaki vibovu, bei hushuka zaidi, na waaminifu wanaondoka. Ukisikia mtu wa Kibaha akisema gemu za mtandaoni zote ni kimeo, ujue soko limefika katika hatua hiyo, na aliyetunza PS2 yake vizuri ndiye aliyepoteza zaidi.

Wauzaji nao hupotezwa na habari za ng'ambo. Julai 2021 kaseti moja ya Super Mario 64 iliuzwa kwenye mnada nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Wengi walipekua makabati. Kaseti ile ilikuwa haijafunguliwa tangu itoke kiwandani na ilikuwa imepewa daraja la juu sana la ubora. Kaseti zetu zilichezwa, zikapulizwa vumbi, zikaazimishwa mtaa mzima. Thamani yake ni ya kuchezwa, na bei iendane na hilo.

Anayeamua kununua ng'ambo naye apige hesabu kabla ya kutaja dau. Kwa kawaida forodha hukadiria kodi kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji, kisha VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani hiyo na ushuru wake. Mashine ya bei ndogo yenye nauli kubwa huishia kuwa ghali kuliko ile iliyopo Mlandizi.

Kufungua gunia

Kibaha na Kisarawe ni majirani ndani ya Mkoa wa Pwani, ila anayepanda daladala mara nyingi hulazimika kuingia Dar es Salaam kwanza ndipo atoke upande wa pili. Safari hiyo ndiyo inayowafanya watu watume pesa kwanza na kuomba Mungu baadaye. Napendekeza njia nyingine.

Muuzaji arekodi video moja isiyokatwa. Aanze na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na jina la kundi, aonyeshe lebo ya nyuma, awashe mashine, aweke CD, acheze, ahifadhi mchezo kwenye memori kadi, aizime, aiwashe tena na kuufungua mchezo uleule. Abonyeze kila kitufe cha padi. Aseme wazi kama mashine imechipiwa ili isome CD za kuchoma, kama CD zenyewe ni za kuchoma au halisi, na anatumia TV ya aina gani. Mnada uanze baada ya hapo.

Ushindi uwe haki ya kujaribu kwanza. Mshindi na muuzaji wakutane kwa fundi mwenye umeme na TV, Mbezi, Gongo la Mboto au popote panapowafaa wote wawili. Kitu kikiwa kama kilivyoelezwa, mshindi alipe bei aliyoitaja bila kuomba punguzo. Kikiwa tofauti, aondoke bila deni, na nauli yake ilipwe na muuzaji. Ujumbe wote uhifadhiwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi.

Wasimamizi wa makundi, jambo hili liko mikononi mwenu kuliko mikononi mwa sheria. Andikeni kanuni hizi juu ya kundi, na atakayekataa kurekodi video asiruhusiwe kunadi. Mashine hizi hazitengenezwi tena, na kila moja inayoungua au kutupwa kwa ugomvi imepotea moja kwa moja. Kabla hujataja dau, omba kwanza gunia lifunguliwe.