Lenzi ya Jicho ya Dola 600: Unanunua Nini Hasa?

Chukua darubini ya Dobson, ile ya kusukuma kwa mkono, yenye kioo cha milimita 200, uielekeze kwenye Zohali. Tia lenzi ya jicho ya kawaida, zile za dola 40 hivi, utazame pete. Kisha itoe, utie nyingine ya dola 600 yenye ukuzaji uleule, utazame tena. Sayari ikiwa katikati kabisa, watu wengi hawataweza kuapa ipi ni ipi. Pete ni zilezile, na kama hewa imetulia, ule mwanya mweusi wa Cassini unaozigawa utauona kwa zote mbili.

Sasa usiguse kitu. Dunia inazunguka, kwa hiyo Zohali itaanza kuteleza kuelekea pembeni. Katika lenzi ya kawaida itafika ukingoni upesi, huku ikipoteza ukali kadiri inavyosogea. Katika lenzi ghali itasafiri mara mbili ya muda huo, na itabaki na ukali wake mpaka karibu na kutoweka. Anayeuliza kama lenzi hizi zina thamani ya bei yake, jibu limo katika safari hiyo fupi: fedha nyingi hununua ukingo. Katikati ulishakuwa nako kwa dola 40.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na kazi ya lenzi ya jicho. Kioo kikuu cha darubini, au lenzi kuu kwa zile za lenzi, hukusanya mwanga na kuchora taswira ndogo. Lenzi ya jicho ni kikuzio cha kuitazamia taswira hiyo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini yetu ina milimita 1200; lenzi ya milimita 25 itakuza mara 48, ya milimita 10 mara 120. Bei haimo kwenye hesabu hii. Muuzaji akikuambia kwamba lenzi ghali ya milimita 10 “inavuta” zaidi kuliko ya bei nafuu ya milimita 10, hasemi kweli. Tena usiku mwingi hewa yenyewe hutikisika kiasi kwamba ukipita mara 200 au 250 unakuza ukungu tu, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachotuliza hewa.

Kinachotofautiana ni upana wa uwanja unaouona na ubora wake pembeni. Mwaka 1860 fundi wa Vienna, Georg Simon Plössl, alibuni lenzi ya jicho inayobeba jina lake hadi leo: vipande vinne vya kioo vilivyogandishwa viwiliviwili, na uwanja wa nyuzi kama 50. Ndiyo lenzi ambayo wapenzi wengi wa nyota huanza nayo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Mmarekani Al Nagler, aliyekuwa amefanya kazi ya kubuni vioo vya mitambo ya mazoezi ya wanaanga wa Apollo, alianzisha kampuni ya Tele Vue mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaleta sokoni lenzi yenye uwanja wa nyuzi 82. Mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ikatoa Ethos, nyuzi 100. Kutazama kwa Plössl ni kama kuchungulia kwenye bomba. Kwa Ethos, bomba linapotea na unalazimika kugeuza jicho kuutafuta mpaka wa anga.

Gharama inatoka wapi? Mwanga unaopita katikati ya lenzi hupita karibu umenyooka, na kuumudu ni kazi nyepesi. Ule wa pembeni huingia kwa mshazari, na kila kosa lake hudai kipande kingine cha kioo kulirekebisha. Lakini kila uso wa kioo usiopakwa utando maalumu hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya mwanga, kwa hiyo ukiongeza vipande bila utando bora unaongeza giza. Vipande sita, saba au zaidi, aina kadhaa za kioo, utando wa tabaka nyingi kila upande, na soko dogo la wanunuzi: ndiyo bili yenyewe.

Je, ukingo huo utakufaa wewe? Itategemea mambo matatu.

La kwanza ni uwiano wa fokasi wa darubini yako. Gawanya umbali wa fokasi kwa kipenyo: 1200 kwa 200 ni 6. Darubini yenye uwiano wa 10 huleta mwanga kwa pembe ya upole, na hata lenzi ya bei ya kawaida huumudu hadi karibu na pembeni. Yenye uwiano wa 5 au 4 huleta mwanga kwa pembe kali. Hapo lenzi pana ya bei rahisi hugeuza nyota za ukingoni kuwa ndege waliotandaza mabawa. Kwa darubini hizi fedha yako inafanya kazi. Ila usiitwike lenzi kosa lisilo lake: nyota za ukingoni zenye umbo la kimondo, mkia ukielekea nje, mara nyingi ni tabia ya kioo kikuu chenyewe, na lenzi ya dola 600 itakuonyesha mikia hiyo kwa ufasaha zaidi.

La pili ni namna darubini inavyofuata nyota. Yenye mota huiweka sayari katikati, na katikati hakuna cha kulipia. Ya kusukuma kwa mkono ni habari nyingine. Sayari husogea takriban nyuzi moja kila dakika nne. Kwa ukuzaji wa mara 200, Plössl (nyuzi 50 gawanya kwa 200) huonyesha robo ya nyuzi ya anga hivi, na sayari huvuka uwanja kwa dakika moja. Lenzi ya nyuzi 100 hukupa dakika mbili. Dakika hiyo ya ziada ina uzito zaidi kwetu tulio karibu na Ikweta kuliko kwa mtu wa London. Kwake sayari hazifiki utosini. Nairobi na Dar es Salaam sayari hupita juu sana, wakati mwingine karibu na utosi. Dobson ikisimama wima namna hiyo, kuisukuma kando huifanya izunguke papo hapo badala ya kusogea. Kila kusukuma ni vita, na kila mtikisiko hula sekunde za kutazama. Uwanja mpana hupunguza idadi ya vita.

La tatu ni macho yako. Plössl hukutaka uweke jicho kwa umbali wa karibu sehemu saba za kumi za fokasi yake. Ya milimita 10 inataka milimita 7. Ya milimita 6 inataka milimita 4, na hapo kope zinafagia kioo. Mvaa miwani huhitaji milimita 15 hadi 20. Kama tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, vua miwani, zungusha fokasi, basi. Kama uso wa jicho haukupinda sawasawa, yaani una astigmatizimu, utaihitaji miwani, hasa kwa ukuzaji mdogo. Kwa mtu huyu nafasi ya jicho ni hitaji, ingawa kuna lenzi za bei ya kati zinazoitoa bila kudai dola 600.

Na hiyo bei ya kati ndiyo wengi huiruka. Waswahili husema rahisi ghali, na wauzaji wanaupenda sana msemo huo. Lakini kati ya dola 40 na 600 kuna lenzi za nyuzi 68 na 82 zinazouzwa kwa dola 100 hadi 200 hivi. Kwa darubini yenye uwiano wa 6 zitakupa sehemu kubwa ya utamu. Kinachobaki ni ile asilimia ya mwisho, na katika vioo, asilimia ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote zilizotangulia.

Kwa mwenye bajeti ya kawaida, ningepanga manunuzi hivi. Kwanza kipenyo: kioo cha milimita 200 hukusanya mwanga mara 2.4 kuliko cha milimita 130, na Dobson nzima ya ukubwa huo hugharimu karibu na bei ya lenzi moja ya kifahari. Pili, jifunze kupanga sawasawa vioo vya darubini yako. Kioo kilichoenda kombo huharibu picha katikati na pembeni pia. Tatu, nauli ya kutoka nje ya mji, maana galaksi iliyofunikwa na taa za barabarani haifunuliwi na lenzi. Nne, lenzi ya Barlow, inayozidisha ukuzaji mara mbili: pamoja na milimita 25 na 10 unapata mara 48, 96, 120 na 240. Tano, lenzi moja pana ya ukuzaji mdogo, ya shingo ya inchi mbili kama darubini yako inaipokea. Kilimia, pamoja na nyota ndogo zinazokizunguka, kinatanda karibu nyuzi mbili. Plössl ya milimita 25 huonyesha zaidi kidogo ya moja. Baada ya hayo yote, kama bado kuna akiba, ndipo uzungumzie dola 600.

Mkazi wa pwani ana hesabu ya ziada. Katika unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, kuvu huota juu ya vioo kama utando wa buibui na kuutafuna ule utando maalumu uliolipiwa ghali. Lenzi ikilowa umande, iache ikauke kabla ya kuifungia, kisha ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Asiye tayari kwa nidhamu hiyo abaki na Plössl, hasara yake itakuwa ndogo.

Kabla ya kununua, tafuta mwenye lenzi hizo akuazime kwa usiku mmoja, kwenye darubini yako, si yake. Weka nyota angavu katikati, ifokasi, kisha isogeze hadi ukingoni. Zungusha fokasi kidogo. Ikirudi kuwa nukta, lenzi ina uwanja uliopinda tu, na macho ya kijana huweza kulifidia hilo yenyewe. Ikibaki ndege mwenye mabawa, hilo halirekebishiki. Fanya vivyo hivyo na lenzi yako ya zamani. Kama ndege yule alikukera kiasi cha kukusahaulisha nyota zilizo katikati, umeshajua la kufanya. Kama ulilazimika kumtafuta, fedha zako zinatosha safari kadhaa za kwenda penye giza.