Tairi Moja Pana Badala ya Mawili

Kwenye barabara kuu za Marekani, lori linalovuta matela mawili ya futi 28 kwa kawaida hutembea kwa matairi 18: mawili mbele, na manne kwenye kila moja ya ekseli nne zilizobaki. Tangu mwaka 2000, Michelin ilipoleta X One, baadhi ya wenye malori wameondoa kila jozi na kufunga tairi moja pana. Jumla hushuka hadi 10.

Faida kubwa iko kwenye dizeli. Tairi linapozunguka, kuta zake hujikunja na kujinyoosha, na sehemu ya nguvu ya injini hupotea kama joto. Jozi ina kuta nne. Tairi pana lina mbili. Fundi naye hana tena tairi la ndani lililojificha, ambalo upepo wake husahaulika kwa urahisi.

Lori huwa jepesi pia, ila wepesi huo hauwafaidi wote sawa. Matela mawili mara nyingi hubeba vifurushi, yakajaa hadi juu kabla ya kufikia kikomo cha pauni 80,000, yaani tani 36 hivi. Msafirishaji wa mafuta au saruji hunufaika zaidi.

Kasoro huonekana tairi linapopasuka. Kwenye jozi, la pili huweza kumfikisha dereva polepole mahali salama. Tairi pana likiisha upepo, rimu hukaribia lami, na kwa kuwa ekseli za matela haya zimekaa mojamoja, hakuna ya jirani ya kubeba mzigo. Dereva husimama hapo hapo, akisubiri saizi ambayo si kila duka la njiani huiweka.