Filimbi ya Bata: Bei au Pumzi?

Juma hili nataka tuzungumzie kidude cha kutia mfukoni ambacho huko Marekani chaweza kuuzwa kwa bei ya kushangaza. Ni filimbi ya kuitia bata mwitu. Mwindaji hujificha penye maji, huipuliza, na bata wanaopita angani hudhani wenzao wako chini wanakula, wakashuka.

Ya plastiki hupatikana kwa chini ya dola 30. Ile iliyochongwa kwa akriliki yaweza kufika dola 150 na zaidi. Je, dola hizo zinalipia nini?

Ndani ya filimbi hizo zote mna ulimi mwembamba unaotetemeka ukipulizwa. Sauti huanzia hapo, kisha mwili wa filimbi huikuza au kuilainisha. Mti hutoa sauti laini, lakini hunywa maji, ukavimba, na sauti ikabadilika. Akriliki hainywi maji, na sauti yake ni kali, hufika mbali. Isitoshe, filimbi ya ghali mara nyingi imepita mikononi mwa fundi aliyeupunguza ulimi kidogo kidogo mpaka ukakubali. Kwa hiyo tofauti ipo. Si ulaghai mtupu.

Lakini yamfaa nani? Katika mji wa Stuttgart, jimbo la Arkansas, mashindano ya kuita bata yalianza mwaka 1936. Pale mtu hupuliza mbele ya waamuzi, na mkwaruzo mmoja waweza kumwangusha. Huyo ana haki ya kununua filimbi ya ghali. Bata hatoi alama. Kinachomshusha ni mwitaji anayejua wakati wa kuita kwa nguvu, wakati wa kunong'ona na wakati wa kunyamaza. Tena filimbi ya ulimi mmoja, ambayo mabingwa huipenda, humsumbua anayeanza kuliko ile ya ndimi mbili.

Ushahidi mwingine hauko mbali nasi. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao hutafuta asali kwa msaada wa ndege aitwaye mlembe. Humwita kwa mlio wa mdomoni, "brrr-hm", usiogharimu hata senti. Utafiti ulioongozwa na Claire Spottiswoode, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mlio huo uliinua uwezekano wa kufika kwenye kiota cha nyuki hadi asilimia 54, wakati sauti nyingine ziliishia asilimia 16.

Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania wao hupiga mluzi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba mlembe wa Tanzania huitikia wito wa wenyeji wake mara tatu na zaidi kuliko wito wa wageni, na yule wa Msumbiji karibu mara mbili. Ama kweli, mcheza kwao hutunzwa!

Wito huo hurithiwa kutoka kwa wazee. Pale watu wanapozoea sukari ya dukani na kuacha kwenda porini, sauti hunyamaza, na ndege hukosa wa kumwongoza. Hasara hiyo hakuna duka linaloweza kuifidia.

Kwa hiyo aniulizaye nitamjibu hivi: nunua filimbi ya bei nafuu, wasikilize bata wenyewe msimu mzima, fundisha pumzi yako. Siku sikio lako litakapokuambia kuwa filimbi ndiyo inayokurudisha nyuma, hapo toa dola zako 150. Kabla ya hapo, utakuwa umenunua pambo la shingoni.