Mildred Bailey: Sauti ya kike iliyofungua mlango wa bendi kubwa za jazz

KWA wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki, neno jazz ni jina la bendi ya magitaa: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Vijana Jazz. Nchini Marekani lilikotoka neno hilo, bendi kubwa ya miaka ya 1920 ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa na wanaume kumi au zaidi wenye tarumbeta, tromboni na saksafoni, na kazi yao ilikuwa kuwachezesha watu dansi. Kuimba kulikuwa nyongeza tu. Mpigaji mmoja aliweka chini ala yake, akaimba beti mbili tatu, kisha akarudi kitini. Mwanamke hakuwa na kiti hapo.

Anayetajwa na wengi kuwa wa kwanza kukipata kwa ajira ya kudumu ni Mildred Bailey, mwaka wa 1929.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la Mildred Rinker huko Tekoa, jimbo la Washington. Tekoa ni mji mdogo wa wakulima wa ngano ulioinuliwa na njia panda ya reli. Msomaji wa Machakos akiufikiria Konza, ambako reli ya Magadi huachana na ile ya Mombasa, hatakuwa mbali na ukweli. Mamake alikuwa wa jamii ya Coeur d'Alene, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mildred alikua akizisikia nyimbo za jamii hiyo, na baadaye alisema zilimpa mwimbaji chipukizi mafunzo ya aina ya pekee.

Akiwa msichana alifanya kazi katika duka mjini Seattle, akiwaimbia wateja nyimbo zilizouzwa kwenye karatasi. Kisha alihamia Los Angeles na kuimba klabuni na redioni. Mwaka wa 1925 nduguye, Al Rinker, aliwasili huko kwa gari kuukuu pamoja na rafiki yake Bing Crosby, ambaye wakati huo hakujulikana. Mildred aliwapa malazi na kuwasaidia kupata kazi. Mwaka uliofuata vijana hao waliajiriwa na Paul Whiteman, kiongozi wa bendi aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote. Dada mtu alisubiri hadi 1929. Whiteman alifika karamuni nyumbani kwake, akala, akamsikia akiimba, akamchukua.

Wakati nao ulimfaa. Kabla ya 1925 santuri zilirekodiwa kwa kuimbia ndani ya pembe, na ukumbini sauti ilipaswa kuyashinda matarumbeta. Bessie Smith aliyaweza hayo kwa kifua chake kipana. Mildred alikuwa na sauti nyembamba, nyepesi, iliyoteleza juu ya mdundo. Bila kipaza sauti, isingefika safu ya pili ya viti.

Wimbo "Rockin' Chair" wa Hoagy Carmichael ulimpa jina la utani. Kwa Whiteman hakudumu. Waligombania malipo, naye akaondoka. Mwaka wa 1933 aliolewa na Red Norvo, mpigaji wa zilofoni, na kuanzia 1936 wakawa na bendi iliyowapa jina la Bwana na Bibi Swing. Ndoa ilivunjika, lakini urafiki ulibaki.

Kufikia hapo wengine walikuwa wameingia: Ivie Anderson kwa Duke Ellington mwaka wa 1931, Ella Fitzgerald kwa Chick Webb mwaka wa 1935, Billie Holiday kwa Count Basie mwaka wa 1937. Kwetu mlango ulichelewa mno. Mbilia Bel alijiunga na Afrisa ya Tabu Ley mwaka wa 1981, na Kida Waziri akasikika na Vijana Jazz katika mwongo huohuo.

Mildred aliugua kisukari na pesa zikamwishia. Crosby alikuwa miongoni mwa waliomlipia hospitali. Alifariki Desemba 12, 1951, huko Poughkeepsie, New York. Marekani ilitoa stempu yenye sura yake mwaka wa 1994. Mnamo 2012 jamii ya Coeur d'Alene ililiomba bunge la jimbo la Idaho litambue rasmi kwamba mwimbaji huyo, ambaye wasikilizaji wengi walimdhania mzungu tu, alikuwa wao.